Udongo wa Kabatini

Habari yenyewe Placida aliipokea kanisani, Jumapili ya kwanza ya Februari 2005, wakati wanapanga viti: kwamba kwenye yale maghorofa ya nyuma ya soko la Lewisham kuna flati yenye maiti ndani ya bafu, imefunikwa barafu. Tena si maiti ya mtu aliyekufa kwa maradhi. Ni kijana aliyepigwa nyundo ya kisogo na wenzake, na hao wenzake hawajui wakamtupe wapi, basi kila baada ya siku mbili wananunua barafu kwa mifuko mikubwa wanammwagia asije akanuka.

Aliyemwambia ni Émilienne, shoga yake, Mkongo wa Bukavu, mama wa watoto watano.

"Banamuweka mu glace, Maman Elinaja," Émilienne alisema, huku anafuta kiti kwa ncha ya kitenge. "Mutoto wa mutu. Banamufunika sawa samaki."

"Nani kamwona?"

"Mufu, hakuna mwenye alimuona. Ila glace, batu baliona. Bijana banapandisha masac ine, tano, mu hii baridi. Weye unaweza kunywa glace mu hii baridi?"

Placida aliendelea kupanga viti, na safu aliyoipanga ikatoka imepinda. Maghorofa hayo ya nyuma ya soko ndiko alikokuwa anakaa yeye, ghorofa ya tatu, na mwanawe wa pekee, Elinaja, kijana wa miaka ishirini. Na huyo Elinaja, tangu Krismasi ipite, akiingia bafuni anafunga komeo, na anakaa humo saa nzima.

Alijaribu kuitupa ile habari, ikakataa. Alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kulisha, kuogesha, kugeuza migongo; akimwogesha mzee wa watu anaona kisogo kilichopasuka. Akipanda basi anatazama vijana mmoja mmoja, anajiuliza yupi kati yao hajaonekana siku nyingi. Kuna siku alikuta matone ya damu kwenye ngazi za basi, dereva ameyafunika kwa gazeti, watu wanaruka gazeti na kwenda kukaa. Hakuna aliyeuliza. Mji ule ulikuwa umezoea. Yeye, tangu alipotoka Same kuja Ulaya mwaka 1991, na tangu alipomzika mumewe Geofrey, hakuwa na dua nyingine: mwanangu asiue, mwanangu asiuawe. Basi. Mengine Mungu apange atakavyo.

Jumanne ya wiki iliyofuata akarudi mapema, shifti ilipunguzwa. Mlango wa bafuni umefungwa, ndani maji yanakorogwa, chwa, chwa, chwa. Akapiga magoti akanusa chini ya mlango. Hakunusa kitu, maana mafua yalikuwa yamemziba pua tangu mwisho wa Januari.

"Elinaja. Fungua."

"Naoga, Mum."

"Fungua nikuone unavyooga."

Vishindo, kitu kinaburutwa, maji yanamwagwa. Komeo likafunguka. Elinaja alisimama pale na suruali yake, mikono imekuwa myekundu hadi kwenye viwiko, vidole vimekakamaa kwa baridi. Nyuma yake bafu lilikuwa limejaa barafu hadi nusu. Placida akamsukuma, akaenda akauingiza mkono wake mzima kwenye ile barafu, akapapasa chini. Alikuwa anatafuta uso. Hakukuta kitu ila maji ya kijani kibichi, kama maji ya kuoshea mchicha.

"Barafu ya nini?"

"Ya goti. Mpira. Wachezaji wote wanakaa kwenye barafu, Mum, uliza mtu yeyote."

"Na mikono?"

"Nilikuwa naivunjavunja."

Alitaka kuamini, akaamini nusu. Juu ya sinki palikuwa na mifuko mitatu ya kitambaa kizito, kila mmoja una wavu mwembamba sana chini. Elinaja akasema ni ya nguo za mpira. Mmoja Placida aliupeleka jikoni, akausuuza, na jioni ileile akauchujia tui la nazi. Lilitoka laini ajabu. Akajiambia, angalau mtoto ameleta kitu cha maana nyumbani.

Siku ya pili yake, Jumatano, akaja Dieumerci.

Huyu Dieumerci ni mtoto wa kwanza wa Émilienne, mwanamume wa miaka ishirini na saba, mpana wa mabega, ndiye aliyekuwa akibeba spika za kanisa, moja huku moja huku, kama mtu aliyebeba kuku. Kwa Placida alikuwa na heshima ya pekee, na heshima hiyo ilikuwa na sababu yake. Elinaja alipokuwa na miaka kumi na miwili, wavulana watatu walimbana nje ya geti la shule, mmoja amemwekea kisu shavuni. Dieumerci akapita. Alikuwa na mnyororo wa baiskeli. Alimpiga yule mwenye kisu mpaka meno yakawa yametawanyika kwenye lami kama punje za mahindi, na alipokwisha kuanguka akaendelea kumpiga. Siku ile Placida alichinja, yaani alinunua kuku mzima, akampikia Dieumerci peke yake, akasimama pembeni akimtazama anakula, akasema, "Mungu akupe mkono huohuo siku zote." Maneno hayo aliyasema yeye, kwa kinywa chake.

Jumatano hiyo Dieumerci aliingia jikoni anacheka, amemshika Elinaja shingo kwa nyuma, kama watu wanavyomshika paka.

"Maman Placida, huyu mutoto wako ana mikono ya daktari. Haitetemeke."

"Mikono ya kufanyia nini?"

"Ya kazi, Maman. Namufundisha kazi. Atakuwa mutu."

"Kazi gani?"

"Ya kukausha." Akacheka tena, akambinya. "Sivyo, docteur? Mwambie mama."

"Ndiyo," alisema Elinaja. Hakucheka.

"Keren hajambo?" Placida akauliza. Keren alikuwa mke wa Dieumerci, ana mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza.

"Keren analia udongo tu. Usiku, muchana, udongo, udongo. Nilimwambia atakula kuta."

Alipoondoka, Placida aliona kwenye shingo ya mwanawe alama nne upande mmoja na moja upande wa pili, nyekundu. Akauliza. Elinaja akainua kola ya jaketi, akasema kwa Kiingereza kwamba ni mchezo tu, mama haelewi mchezo wa wanaume.

Alhamisi asubuhi Placida akaenda kwenye kabati la boila ya maji ya moto kutafuta shuka. Ni kabati dogo la ukutani, joto, ndimo alimokuwa akianikia nguo za ndani wakati wa baridi. Rafu ya juu kabisa, nyuma ya mablanketi, mkono wake ukagusa ubao wa boksi. Akauvuta taratibu. Juu yake ilitandazwa karatasi ya kuokea, na juu ya karatasi unga wa kahawia, chengachenga laini, umesambazwa sawasawa kwa uangalifu, unakauka. Kando palikuwa na vibonge sita vilivyokwisha kufinyangwa, kila kimoja saizi ya nusu kidole.

Placida akakaa chini palepale kwenye kapeti.

Alikuwa ameona kitu hicho maisha yake yote. Alipokuwa na mimba ya Elinaja, kule Same, mama mkwe wake alikwenda mwenyewe kuchimba udongo wa kichuguu. Akautwanga, akauchekecha kwa kitambaa, akautandaza kwenye ungo kivulini mpaka ukakauka, akaufinyanga vijiti saizi hiyohiyo, akampa autafune usiku kichefuchefu kikija. Udongo wa mjamzito. Nani mwingine angechekecha udongo hivi, auanike penye joto, aufiche nyuma ya mablanketi?

Kumbe ndiyo hiyo. Kumbe bafuni, barafu, mlango kufungwa, yote ni mtoto wa kiume kahangaika na msichana wa watu. Anauosha udongo, anauchuja kwenye ile mifuko, anaukausha kwa siri. Placida alilia, na ndani ya kulia akawa anacheka. Wiki nzima alitafuta maiti nyumbani kwake, na Mungu amemwonyesha mjukuu.

Na hakuuliza. Hapo ndipo pa kushika. Kwa watu wa kwao mimba changa haiulizwi wala haitangazwi. Mama anayejua anajifanya hajui, anangoja aambiwe, macho ya watu yasije yakaiharibu. Placida akaamua kungoja. Alionja kidogo kwa ncha ya ulimi. Uchungu, na ulinata kwenye meno. Akasema moyoni, udongo wa Ulaya utakuwaje kama si hivyo.

Kisha akamkumbuka Keren, anayelia udongo. Maduka yote ya Waafrika pale Lewisham yalikuwa yameishiwa. Keren alikuwa amemtuma mtu mpaka Kingsbury, upande wa pili wa mji, kwa Geeta, mama wa Kigujarati aliyezaliwa Arusha na anayeuza kila kitu cha kwetu, na Geeta akasema mzigo haujafika. Wajawazito udongo wanagawana. Hata yule msichana, awe nani, asingekataa. Placida akachukua vibonge vinne na konzi ya unga, akafunga kwenye karatasi ya fedha. Uliobaki akausambaza vizuri kwa kijiko, pengo lisionekane, akarudisha ubao na mablanketi.

Jumamosi alimaliza kazi saa sita mchana, akapitia kwa Keren. Alimkuta kitandani, miguu imevimba. Keren alipofungua ile karatasi ya fedha macho yalimtoka.

"Maman Placida. Weye uliitoa wapi?"

"Usiniulize. Kula."

Akatafuna. Akakunja uso. "Iko chungu."

"Ya dawa hiyo. Meza na chai."

Akameza kimoja na chai ya maziwa, kisha cha pili. Cha tatu akakitafuna polepole, mkono juu ya tumbo. Placida alikaa naye, wakazungumza majina ya watoto, na Keren akawa anachovya kidole kwenye unga na kulamba.

"Mumeo yuko wapi?"

"Alisema anaenda kwenu. Ana kitu ya kuchukua kwa Elinaja. Aliamuka na hasira, mi sijue juu ya nini."

Placida akamwachia na kile cha nne, akapanda basi.

Kwenye ngazi za ghorofa alisikia muziki umefunguliwa hadi mwisho, ukuta unatetemeka. Akajua ni kwake. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Sebuleni meza imelala miguu juu, televisheni chini uso kwa uso na kapeti, na ukutani, usawa wa kichwa cha mtu, pana alama ya damu iliyoburuzwa kwa vidole. Katikati ya sebule mizani ndogo ya jikoni ilisimama wima, peke yake, haijaguswa, na juu yake vile vibonge viwili vilivyobaki.

Ndani ya muziki akasikia sauti ya mtu anahesabu kwa Kifaransa. Taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Elinaja alikuwa amepigishwa magoti mbele ya bafu, mikono imefungwa nyuma kwa mkanda wa suruali yake mwenyewe. Kiatu kimoja tu. Kichwa chote kilikuwa ndani ya barafu, na juu ya kisogo chake ule mkono wa kubebea spika. Barafu ilikuwa ya pinki. Miguu yake ilikuwa inapiga vigae, halafu ikapiga kidogo, halafu mguu mmoja ukabaki unanyookanyooka peke yake.

"Vingt-neuf. Trente." Dieumerci akamvuta nywele, akamtoa. Pua ilikuwa imelala shavuni. Taya limehama. "Iko wapi? Bile bilikuwa sita. Sasa bibili. Uliuzia nani?"

Elinaja alitapika maji. Alisema kitu, hakikueleweka.

"Ni mwizi weye. Mi nilikutoa kisu mu uso, weye unaniiba." Akampiga ngumi ya sikio, mara moja, kama mtu anayefunga kazi, na kichwa kikarudi ndani ya barafu. "Un. Deux."

Placida hakumbuki alivyofika jikoni. Anachokumbuka ni kwamba alirudi na mbuzi ya nazi mkononi, ile aliyotoka nayo nyumbani, kigoda cha mti chenye ulimi wa chuma wenye meno. Aliishusha kwa mikono miwili. Meno yale yalimwingia Dieumerci begani yakakwama, na alipoyavuta yakatoka na kipande cha shati na nyama. Dieumerci hakupiga kelele. Aligeuka, akamwona ni nani, na hata hivyo akampiga kwa nyuma ya mkono. Placida akajigonga mlangoni, akaanguka juu ya choo, jino likakatika. Akalitema mkononi.

"Maman, toka inje," Dieumerci alisema, anahema. Damu ilikuwa inamchuruzika kwenye kiwiko hadi kwenye barafu. "Hii haikuhusu. Mutoto wako aliiba mali ya mu kabati."

Mali ya mu kabati.

Hapo akili ya Placida ikasimama, ikaona kila kitu kwa mpigo. Ile barafu, na unga uliochekechwa. Kazi ya kukausha. Na uchungu ulionata kwenye meno.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyechukua. Mtoe mwanangu."

"Usimukinge."

"Nilidhani ni udongo. Udongo wa wajawazito. Nimempeleka Keren. Dieumerci, nimempa mkeo. Amekula."

Mkono wa Dieumerci haukutoka kwenye kisogo cha Elinaja. Ila kuhesabu kulikoma.

"Amekula nini?"

"Vitatu nimeona kwa macho yangu. Na unga. Kimoja nimemwachia."

Dieumerci akacheka, kicheko kifupi, kama cha mtu aliyekanyagwa. Kisha akatoa simu kwa ule mkono wenye damu, akabonyeza. Muziki sebuleni ulikuwa umeisha; simu iliita muda mrefu. Keren alipopokea, Placida alimsikia kutoka pale chini alipokuwa: anaongea upesi upesi, mara analia mara anacheka, kuta zinapumua, moyo unataka kutoka mdomoni, mtoto hachezi, ameteleza ngazini, kuna damu, kwa nini kuna damu.

Simu ikaanguka ndani ya bafu. Dieumerci akamruka Elinaja, akamruka na mama yake, na hatua zake zikasikika ngazini zikishuka tatu tatu.

Placida akamvuta mwanawe kwa mkanda. Alikuwa wa bluu. Alimlaza kwenye vigae, akafanya vile walivyofundishwa kwenye nyumba ya wazee kuwafanyia wazee: kifua, kifua, kifua, pumzi. Damu yake ya jino ikawa inamwingia mtoto mdomoni. Kifua, pumzi. Akawaza kwamba ule uvumi haukuwa wa uongo, uliwahi tu. Maiti ya bafuni ilikuwa inangojwa ifike, na ilikuwa hii. Akambonyeza kwa nguvu mpaka akasikia ubavu unalia, ka. Ndipo Elinaja akakohoa.

Walipelekwa hospitali moja, Elinaja na Keren, kwa ambulensi mbili, wakapishana dakika kumi. Placida alikaa kwenye kiti cha plastiki na taulo mdomoni. Ng'ambo ya ukumbi Dieumerci alikuwa amesimama, jaketi limefungwa juu ya bega lililochanika, na pembeni yake Émilienne amepiga magoti anaomba kwa sauti.

Daktari akatoka, mwanamke mdogo, ana haraka. Akauliza kwa Kiingereza: mgonjwa huyu amekula nini? Moyo wake unakwenda mbio, amepoteza fahamu mara mbili, lazima wamtoe mtoto kwa kisu sasa hivi, na hawajui wampe dawa gani ya usingizi bila kujua ana nini mwilini.

"Samaki," alisema Dieumerci.

"Samaki tu?"

"Samaki."

Akamtazama Placida. Hakumtisha. Alimtazama kama mtu anayeomba. Na Placida alielewa vizuri: ukisema, polisi watakuja kwa wote wawili. Mwanao ndiye mwenye kabati. Mwanao ndiye mwenye mikono isiyotetemeka. Dua yake ya miaka yote ilikuwa mwanangu asiuawe, mwanangu asiue. Na mle ndani kulikuwa na watu wawili, Keren na mtoto wa tumboni, waliokuwa wanakufa kwa kitu kilichokaushwa na mwanawe na kutembezwa na yeye.

Akaondoa taulo mdomoni. "Si samaki," alisema. "Njoo nikwambie. Nimempa mimi."

Émilienne aliinuka kutoka kwenye magoti yake. Alimfikia Placida kabla daktari hajageuka, akamshika kilemba pamoja na nywele, akampiga kichwa ukutani mara mbili.

"Weye njo ulimupa! Weye!"

Placida hakuinua mkono. Walinzi ndio waliowaachanisha, na mkononi mwa Émilienne kilibaki kilemba.

Mtoto alitolewa jioni ile, wa kiume, mdogo kama mkate, akawekwa kwenye kisanduku cha kioo wiki saba. Aliishi. Keren naye aliishi, ila mpaka leo hapandi ngazi peke yake. Dieumerci alikamatwa palepale hospitalini wakati anashonwa bega, akafungwa miaka mingi. Elinaja alifungwa taya kwa waya. Sikio la kushoto likafa kabisa. Alimweleza mama yake kwa kuandika kwenye karatasi. Kwamba ni bangi, mabaki ya majani, inakorogwa kwenye maji ya barafu, inachujwa kwenye ile mifuko, kinachobaki kinakaushwa. Kwamba Dieumerci alichagua nyumba yao kwa sababu mama ni mtu wa kanisa na hayuko nyumbani mchana. Kwamba hakuweza kumkatalia mtu aliyemtoa kisu shavuni. Mwisho akaandika: *ungeniuliza*. Neno hilo aliliandika kwa Kiswahili, yeye ambaye huandika Kiingereza tu.

Naye alipelekwa mahakamani, taya bado lina waya. Hakufungwa, ila jina lake limeandikwa polisi na halifutiki. Siku nyingine hamsemeshi mama yake kwa yale aliyomwambia daktari. Anakula, anaosha sahani, anakwenda chumbani. Yuko hai. Haogi kwenye bafu, anajimwagia kwa kopo.

Sokoni sasa kuna habari nyingine. Wanasema kuna Mtanzania kwenye yale maghorofa aliyemlisha mjamzito udongo wa kichawi. Placida anapita katikati yao na kikapu chake. Ila mama mwenye kijana ndani akimsimamisha, humwambia haya, moja moja, na humsubiri ayaandike:

Usikubali mlango wa komeo saa nzima ndani ya nyumba yako.

Barafu wakati wa baridi, mifuko yenye wavu chini, karatasi ya kuokea iliyofichwa penye joto: usivipite. Simama uulize.

Usikipe jina kitu usichokijua. Mwulize aliyekiweka.

Usionje.

Usimpe mjamzito kitu ambacho hukukichimba au kukinunua mwenyewe.

Usinyamaze kwa sababu kwenu hunyamaziwa. Hapa si kwenu.

Alama za vidole shingoni si mchezo. Usikubali kuambiwa ni mchezo.

Usimpikie kuku mtu aliyempiga mwenzake kwa ajili ya mtoto wako. Atarudi kumdai mtoto.

Usiingie peke yako. Piga simu polisi kwanza, ndipo uchukue mbuzi ya nazi.

Usimdanganye daktari, hata kama atakayekamatwa ni wako.